Kioo Namba Tisa

Darasa la mwisho, upande wa uwanja
Alhamisi, saa tisa alasiri

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua uliniambia niache kukuamkia kwa kuwa tumepishana miaka sita tu na unajisikia mzee, lakini nisipoanza na shikamoo kalamu inakataa kwenda. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Miguu yake imepungua kuvimba? Mama anauliza kila siku kama wifi anapanda ngazi. Mimi humjibu kwamba mnakoishi hakuna ngazi, nyumba zote ziko chini, naye husema basi afadhali, halafu kesho yake anauliza tena. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mgongo unamsumbua mama asubuhi tu. Bibi masikio yamezidi kuziba ila ulimi bado uko wazi kabisa. Juzi alimwambia mjumbe wa halmashauri kwamba suruali yake imenyooka kuliko maneno yake. Baba naye yupo. Habari zake nitakupa mbele.

Ningekupigia simu, lakini unanijua. Nikishika simu naishia kwenye "nzuri" na "sawa" na "haya," kisha namrudishia mama, na yote niliyotaka kusema yanabaki kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Barua hii anakuja nayo dereva wa lori la saruji, yule mwenye kofia ya sufi hata wakati wa joto. Anaondoka huku kesho alfajiri na ameniahidi kwamba kabla ya saa sita mchana itakuwa mkononi mwako. Tafadhali isome yote, hata ukiona naanzia mbali. Sijui kuanzia karibu.

Mji unaendelea kuisha kama kipande cha sabuni. Tangu uondoke duka la viatu limefunga, benki imebaki na dirisha moja, na kwenye mtaa wetu taa zinazowaka ni tatu kati ya kumi na mbili. Shuleni kidato chetu kilikuwa na mikondo minne. Sasa uko mmoja na bado viti vinabaki. Ndiyo maana nimepata darasa zima peke yangu la kuandikia. Wasichana wanaohama huaga kwa kulia, wavulana huaga kwa kuchora majina yao ukutani, kwa hiyo ukuta ulio mbele yangu umejaa watu ambao hawapo. Kiwanda cha nguo kimesimama vile vile, na kufuli lile lile getini. Nyasi zimefika kwenye madirisha ya ofisi ya mshahara. Watu wakipita pale hupunguza sauti, sijui kwa nini, maana hakuna wa kuwasikia.

Jengo letu limebaki na familia kumi na saba kati ya arobaini zilizokuwepo kiwanda kilipokuwa kinafanya kazi. Ghorofa ya tano yote haina mtu. Upepo ukivuma milango ya huko juu hujipigapiga, na Bibi, ambaye hasikii akiitwa kula, hiyo huisikia.

Sijawahi kukuambia nilichofikiri siku ile mlipogombana na baba. Wewe ulikuwa umeshaanza kufunga nondo kwenye zile nyumba mpya za uwandani, na halmashauri ilikuwa imeleta maneno mawili mezani: ama jengo livunjwe na sisi sote tuhamishiwe huko kwenu, mwendo wa saa nne kwa lori, ama zitafutwe fedha za kulikarabati tubaki. Ulimwambia baba mbele ya wageni kwamba kulikarabati jengo lile ni kumpaka maiti wanja. Naye akakujibu kwamba nyinyi huko mnajenga makaburi yenye madirisha. Mama akaanza kuondoa vyombo mezani na hakuna aliyekuwa amemaliza kula. Kesho yake ukaondoka na begi moja.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kabati, na nilidhani nyote wawili mnasema kweli. Nilikuwa nimewaona wale wa kota za reli walivyohamishwa. Yule mzee aliyekuwa akitengeneza saa alirudi baada ya miezi miwili, akawa anakaa kwenye ngazi za jengo lililobomolewa nusu, anasema huko hakuna anayejua yeye alikuwa nani. Lakini pia nilikuwa nimeona maji yakichuruzika ndani ya ukuta wetu, ndani kabisa, kama jasho. Sikusema lolote. Unajua shuleni wananiita Bubu. Ni jina la utani lakini wanalisema kama ni la kwenye cheti.

Baba naye, tangu uondoke, alifanya jengo lile ndilo mwanawe wa kiume. Samahani, lakini ndivyo ilivyo. Wapangaji walimchagua mwenyekiti wa kamati. Alizunguka na ile timazi yake mfukoni, kamba na jiwe lake la shaba, anainingʼiniza kwenye kila kona na kuwaonyesha watu kwamba jengo limesimama wima, tazameni wenyewe, ni ngozi tu iliyochubuka. Watu waliacha kumwita Fundi wakawa wanamwita Timazi, naye alipenda. Aliandika barua kumi na moja kwa halmashauri. Nyingine niliziandika mimi kwa Kiingereza, yeye anasema na mimi natafsiri, na hapo ndipo nilipoingia kwenye jambo hili.

Mwezi wa pili halmashauri ilimleta mhandisi. Ni mama mmoja mrefu, anavaa buti za kiume, Kiswahili chake ni cha salamu na namba tu. Kila mtu alikuwa akimkimbia kwa sababu ya lugha, kwa hiyo baba alinisukuma mbele. Kaka, nitakuambia kitu ambacho sijakisema kwa mtu. Nikisema Kiswahili mbele ya watu sauti yangu hukatika, kwa sababu kila neno ni langu na watu wananiona ndani yake. Kiingereza si hivyo. Kiingereza ni kama kuvaa sare: anayeonekana ni mwanafunzi, mimi niko nyuma. Na mhandisi nilizungumza vizuri kabisa, kwa sauti, hata nikamchekesha. Baba alikuwa anatutazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza.

Mhandisi alieleza kwamba nyufa zenyewe hazimtishi. Kila jengo la zamani lina nyufa. Anachotaka kujua ni kama nyufa zimelala au zinatembea. Akabandika vipande vya kioo chembamba, urefu wa kidole, juu ya nyufa kumi na mbili, ncha moja ya kioo upande huu wa ufa na nyingine upande ule, kwa gundi ngumu kama jiwe. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kioo kinapasuka. Kwenye kila kimoja aliandika namba na tarehe kwa kalamu ya wino mweusi. Alisema mtu apite kila Jumamosi avisome na kuandika kwenye daftari, kimoja kimoja, kizima au kimepasuka, na yeye atafanya mahesabu yake kutokana na daftari hilo. Aliuliza nani ana mwandiko safi na lugha zote mbili. Baba hakusubiri amalize. Aliniwekea mkono begani akasema, huyu.

Vioo kumi na kimoja vilikuwa kwenye ngazi na korido. Kimoja tu, namba tisa, kilikuwa ndani ya nyumba ya mtu: ghorofa ya tatu kwa Mama Cherehani, chumba cha nyuma anachowekea vitambaa, kwenye ukuta unaopakana na ile nyumba tupu mliyopangiwa wewe na wifi.

Mama Cherehani unamkumbuka, ndiye aliyekushonea suruali ya kwanza ndefu. Wanawe nao unawakumbuka, ila sasa ni wakubwa na midomo yao imekua zaidi. Jumamosi ya kwanza nilibisha hodi kwa kucha. Mkubwa wao akafungua, akaita wenzake, akasema, "Vueni viatu, mkaguzi mkuu ameingia." Wakaniuliza nimefuata nini, nikasema kioo. Mdogo wao akasema kama nimekuja kujitazama basi nijiandae kisaikolojia. Wakaniomba niseme tena kwa sauti, halafu tena, kila mmoja ananiigiza nilivyonongʼona. Mama yao alikuwa anacheka na huku anawakemea, unajua vile mtu anavyokemea huku upande mmoja wa mdomo unacheka. Nilikiangalia kile kioo, kilikuwa kizima, nikatoka. Niliposhuka ngazi walikuwa bado wananongʼonezana jina langu.

Basi kila Jumamosi nikajaza daftari. Namba mbili na namba saba, za kwenye ngazi, zilipasuka mwezi wa tatu. Mhandisi alisema ni joto na baridi tu, akabandika vingine, na vipya havikupasuka tena. Mwezi wa tano alikuja mwenyewe kukagua. Alipanda na kushuka nami siku nzima. Tulipofika kwa Mama Cherehani mlango ulikuwa umefungwa, siku ile alikuwa amepeleka nguo sokoni. Mhandisi akafungua daftari, akaniuliza namba tisa je. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba kizima, bila kutetemeka, kwa matamshi mazuri. Akaweka alama akaendelea.

Ripoti yake ilitoka mwezi uliopita. Baba aliibeba kifuani kama mtoto. Ilisema jengo limetulia, misingi haitembei, linafaa kukarabatiwa. Halmashauri ikapitisha fedha. Siku ya mkutano watu walipiga makofi mpaka vumbi likaanguka kutoka darini, na baba akasimama akasema mbele ya wote kwamba kazi hii haikufanywa na Timazi, imefanywa na daftari la binti yake. Wakanipigia makofi mimi. Mama alilia. Jioni ile ndipo baba alipomwambia mama akuandikie, kwamba nyumba ya ghorofa ya tatu ni yenu, mje mwisho wa mwezi huu, yaliyopita yamepita. Ulipojibu kwamba utakuja, kwa ajili ya mtoto, baba aliisoma ile barua akiwa amesimama, akaikunja, akaenda dirishani akakaa huko muda mrefu na mgongo wake kwetu.

Kazi zikaanza. Baba ndiye nyapara wa waashi, na vijana waliokuwa wameshafunga virago wamepata vibarua. Nikuambie ukweli, kaka, zilikuwa wiki za furaha. Watu walisalimiana kwenye ngazi. Harufu ya rangi ilifika mpaka mtaa wa pili. Wakapandisha matangi mawili ya maji juu ya paa, makubwa, kila moja linaweza kumeza chumba chetu cha kulala. Na Jumatatu ijayo wanabomoa ule ukuta wa katikati ya stoo mbili za chini, ili pawe na ukumbi mmoja mkubwa wa karakana na mikutano. Mhandisi aliuruhusu kwenye ripoti. Alisema ukuta wa juu yake haujasogea miezi yote saba, kwa hiyo wakiweka boriti ya chuma unaweza kutolewa. Ukuta wa juu yake ndio wa namba tisa.

Jumamosi ya juzi, siku kumi na mbili zilizopita, mama alinituma kwa Mama Cherehani nikachukue gauni la Bibi, alilomshonea la kuwapokea nyinyi. Sikuwa na pa kukwepea. Wavulana hawakuwepo, wote wako kazini kwa baba. Mama yao alinikaribisha, akasema gauni liko chumba cha nyuma, nimsaidie kusukuma mlango maana siku hizi ni mgumu, wameshaupiga randa mara mbili na bado unakwama. Tukausukuma kwa mabega. Juu ya ukuta, pale palipokuwa na kioo, kulikuwa kumebandikwa kitambaa kidogo cheupe kwa pini. Nikauliza ni cha nini. Akakiinua.

Kaka, hakikuwa kimepasuka kama kilivyopasuka namba mbili, ule mstari mwembamba wa kuutafuta kwa mwanga. Vipande viwili vilikuwa vimeachana. Kitambulisho changu cha shule kiliingia katikati bila kugusa upande wowote. Na ndani ya mpasuko kulikuwa na vumbi, vumbi la nyuzi, lile linalochukua miezi kukusanyika. Alisema anakumbuka siku kilipopasuka, ilikuwa wiki ya mitihani yangu ya katikati ya mwaka. Alikuwa anashona, akasikia mlio mdogo, akadhani sindano imekatika. Aliweka kitambaa ili mtoto wa jirani asijikate. Halafu akanitazama, wala hakuwa na hasira, akasema:

"Nilikuwa nakusubiri Jumamosi, mwanangu. Ulipokosa kuja nikajua mmeshaacha kuhesabu."

Sasa niseme nililokuwa nalizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Baada ya Jumamosi ile ya kwanza sikuingia tena kwa Mama Cherehani. Hata mara moja. Nilipanda mpaka ghorofa ya tatu, nikasimama mbele ya mlango, nikasikia sauti za wale wavulana ndani, nikaandika kizima, nikashuka. Wiki ya pili nilijiambia nitaingia wiki ya tatu. Wiki ya nne nikajiambia kwa kuwa mara ya kwanza kilikuwa kizima, basi na sasa ni kizima. Baadaye sikujiambia kitu. Mara ishirini na nane niliandika kizima kwa mwandiko safi, kwa lugha zote mbili, kuhusu kitu ambacho sikukiona. Nililikagua daftari jana. Katika kurasa zile huwezi kutofautisha niliyoyaona na nisiyoyaona. Mstari ni ule ule, wino ni ule ule.

Hakuna aliyenihonga wala kunituma. Baba hakuniomba. Sikuwa nalipenda jengo kuliko watu. Niliona aibu kubisha hodi, basi.

Nilikaa nalo siku tatu. Nilishindwa kumwambia baba usoni, kwa hiyo nikaandika kwenye karatasi nikaiweka kwenye sanduku lake la vifaa, chini ya mwiko. Jumanne ile alirudi mchana, saa ambayo huwa harudi. Alipita bila kusalimia, akapanda ghorofa ya tatu na timazi. Aliporudi alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akaniita koridoni.

"Umemwambia nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi libaki hapa hapa."

Hakunigombeza, kaka. Laiti angenigombeza. Aliongea polepole kama anavyomweleza Bibi mambo ya dawa. Alisema mhandisi akisikia sasa, fedha zitarudishwa, jengo litavunjwa, familia kumi na saba zitatawanywa, na watu watasema Timazi aliwadanganya kwa mkono wa mwanawe. Alisema ufa ule anaujua, ni wa kushindilia vizuri na kuegemeza kwa vyuma viwili, atafanya mwenyewe siku za mapumziko. Nikamuuliza na ukuta wa stoo je. Akasema akisimamisha ubomoaji lazima aseme kwa nini. Kesho yake alichukua kioo kimoja kutoka kwenye kile kiboksi alichoacha mhandisi, akakibandika mahali pa kile cha zamani, akaniambia niandike juu yake namba tisa na tarehe ya mwezi wa pili. Niliandika. Hilo pia ni langu. Mama Cherehani alidhani tumeleta kipya kwa sababu tunajali, akampa baba chai.

Ijumaa wakajaza matangi. Tulikusanyika uani kusikia maji yakipanda, watoto wakashangilia. Jumatatu wiki hii nilijipa sababu ya kurudisha pini za gauni, nikabisha hodi. Alifungua yule mkubwa. Nilisubiri anitanie. Aliniambia tu, "Bubu, mlango wetu wa ndani leo umegoma kabisa, mama anatoa vitambaa kwa kupitia dirisha la korido." Nilipita dirisha hilo hilo kwa kichwa na mabega mpaka nikakiona. Kile kioo kipya kilikuwa kimekaa siku tano. Kimekatika katikati, na nusu ya chini imeshuka kidogo, kama bega la mtu aliyechoka.

Nilimwambia baba jioni ile, safari hii kwa mdomo. Alikuwa anakula. Aliendelea kutafuna, lakini niliona hamezi.

Jumanne niliporudi kutoka shule nikakuta anahamisha kitanda cha Bibi. Unajua kilipokuwa, kwenye ukuta ule ule wa namba tisa, ghorofa mbili chini ya kwa Mama Cherehani. Alikuwa anakivuta peke yake mpaka chumba cha mbele, upande wa barabara, jasho linamtoka. Mama akamuuliza kulikoni, akasema upande ule una unyevu. Bibi akalalamika kwamba anahamishwa kama kabati, na kwamba unyevu ule ameishi nao miaka thelathini na haujawahi kumwomba chakula. Mama akacheka. Mimi nilishika upande wa pili wa kitanda, tukawa tunatazamana mimi na baba juu ya godoro, naye akawa wa kwanza kuangalia chini.

Hapo ndipo nilipojua kwamba baba anajua. Kaka, amehamisha kitanda cha mama yake. Cha Mama Cherehani hajakihamisha. Wala hajawaambia nyinyi msije.

Usimchukie. Nimemtazama siku hizi mbili na ameingia uzee wa miaka kumi. Anapita kwenye ngazi akigusa kuta. Nadhani anasubiri mtu mwingine aseme, ili isiwe yeye, na mimi nimezoea kusubiri hivyo hivyo maisha yangu yote, kwa hiyo namjua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Ni ya mhandisi. Wewe uliniambia ofisi yake iko hapo hapo kwenye eneo lenu na kwamba Ijumaa huwepo mpaka saa kumi. Nimemwandikia kwa Kiingereza, lugha niliyomdanganyia, na nimeeleza yote: Jumamosi ishirini na nane, kioo cha zamani, kioo kipya na nani aliandika tarehe yake, matangi, mlango, ukuta wa Jumatatu. Jina la baba nimelitaja mara moja tu, mahali ambapo nisingeweza kukwepa. Mpelekee kwa mkono wako. Asipokuwepo, usimwachie karani. Mtafute nyumbani kwake, mtafute popote. Mwambie wamwage maji ya matangi na wasiguse ukuta wa stoo. Najua itakuwa vigumu kwako, watu watasema wewe ndiye uliyetaka jengo lianguke tangu siku nyingi. Waache waseme. Mimi nitawaambia ni nani.

Na sitamsubiri mhandisi. Nikishamkabidhi dereva bahasha hii naenda ghorofa ya tatu kabla sijapita kwetu. Nimejifunza maneno yenyewe tangu asubuhi, kwa Kiswahili, nimeyasema mara nyingi katika darasa hili tupu mpaka yakaacha kutetemeka. Nitamwambia Mama Cherehani atoke leo na wanawe, alale kwa dada yake, kisha nitamwambia kwa nini. Atakaponiuliza kama baba anajua nitamwambia anajua. Baada ya hapo nitagonga kwa wale wa ghorofa ya pili, kisha ya nne. Familia kumi na saba. Sijui nitaishia ya ngapi kabla baba hajanifikia kwenye ngazi, na sijui akinifikia atafanya nini. Labda atagonga na yeye.

Nisalimie wifi sana, mwambie anisamehe kwa kumpotezea chumba alichokwisha kukipangia mapazia. Mama, ambaye bado hajui, anakusalimu. Bibi anakusalimu na kusema umletee tumbaku ya kunusa wala usimwambie mama. Wasalimie wenzako wa nondo.

Mwisho wa mwezi msije na mizigo. Wewe njoo Ijumaa hiyo hiyo, ukishaonana na mhandisi, na lori tupu, na ukiweza na wenzako wawili wenye nguvu. Cherehani ya yule mama ni ya chuma, na mtu mmoja hawezi kuishusha ngazi.

Ni mimi,
mdogo wako